Kauli Irudishwe kwa Mwenyewe

Ukaribiapo msimu wa mahafali katika vyuo vikuu vyetu, maduka ya steshenari yaliyo karibu na malango ya vyuo hivyo hujaa vijana tangu asubuhi hata usiku, kila mmoja na tasnifu yake, wakingoja zichapwe na kutiwa jalada gumu lenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Na katika mambo yote yanayowashughulisha siku hizo, hapana linalowatia hofu kuliko karatasi moja itokayo katika programu ya kompyuta, ambayo huonyesha kwa asilimia ni kiasi gani cha maandishi yao kinachofanana na maandishi yaliyokwisha kuandikwa na watu wengine. Ikiwa asilimia hiyo imepita mpaka uliowekwa na chuo, mwanafunzi hurudi kitini, akabadili neno hapa na neno pale, akaipindua sentensi ianzie mwisho na kuishia mwanzo, kisha akaipeleka kazi yake tena kwenye mashine, na huendelea hivyo mpaka tarakimu ishuke. Nayo ikishuka, yeye huridhika, msimamizi wake huridhika, na chuo huridhika. Nami nasema, bila ya kukusudia kumvunjia mtu heshima, kuwa ridhaa yao hiyo imejengwa juu ya kosa kubwa, nalo ni kudhani kuwa uaminifu wa mwandishi ni jambo la kupimwa kwa hesabu ya maneno yaliyofanana.

Kumtaja mtu uliyechukua kauli yake ni kuwatimizia haki watu wawili ambao aghalabu hawako mbele yako wakati uandikapo. Wa kwanza ni yule aliyetangulia kusema, ambaye pengine alitumia miaka ya umri wake kulitafuta jambo ambalo wewe umelipata kwa kufungua ukurasa. Na wa pili ni yule atakayekuja kusoma, ambaye anastahiki kuonyeshwa njia uliyoipita, ili akitaka kukuhakiki aweze kuipita mwenyewe na kuona kama ulichokileta ndicho kilichokuwako huko. Mashine haiwajui watu hawa. Yaweza kusema kuwa maneno haya yanafanana na yale, na katika hilo ina manufaa yake; lakini haiwezi kusema kama mwandishi amekisoma kitabu alichokitaja, wala kama fikra aliyoiita yake imezaliwa na yeye au ameikuta imekwisha kuzaliwa.

Na tuchukue mfano mdogo, ambao nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya kufahamisha. Tuseme mwanahistoria mmoja ameandika hivi: "Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na kwa kuwa Pemba ilisalimika, ndipo wenye mashamba madogo wa Pemba walipopata nguvu ya kushindana na matajiri wa Unguja." Akaja mwanafunzi akaandika: "Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi, na kwa sababu Pemba haikudhurika sana, wakulima wadogo wa kisiwa hicho waliweza kupambana na matajiri wa Unguja." Kimbunga kimekuwa tufani, kung'oa kumekuwa kuangusha, kushindana kumekuwa kupambana, na mashine huenda isione lolote la kulalamikia, ilhali mpangilio wa fikra, sababu iliyotolewa na hukumu iliyofikiwa, vyote ni vya yule wa kwanza, na jina lake halimo.

Mwandishi mwaminifu angefanyaje? Angeandika kuwa kimbunga kilipiga Zanzibar mwaka 1872 na kuiharibu mikarafuu ya Unguja, na hapo asingekuwa na haja ya kumtaja mtu, kwa kuwa tukio hilo linajulikana na kila aliyesoma tarikhi ya visiwa vile na halina mwenyewe; lakini angefika penye hoja ya kuwa kusalimika kwa Pemba ndiko kulikowapa nguvu wenye mashamba madogo, angesimama na kusema kuwa hiyo ni rai ya fulani, katika kitabu chake fulani, ukurasa fulani; kisha angeongeza lake yeye, kwa kuikubali rai hiyo na kuitilia nguvu, au kwa kuikataa na kutoa sababu. Hapo ndipo ulipo mpaka ambao wanafunzi wengi hawakufundishwa kuuona: tukio ni la wote, bali rai ina mwenyewe, na kubadili mavazi ya rai hakumbadili mwenye rai.

Uko pia wizi mwingine ulio mwepesi zaidi kuutenda na mgumu zaidi kuugundua, nao unatuhusu hasa sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Kijana anayeandika tasnifu ya fasihi au isimu ya Kiswahili hulazimika kusoma nadharia nyingi katika vitabu vya Kiingereza, na akikuta aya iliyokaa vizuri huifasiri yote, tangu herufi ya kwanza hata nukta ya mwisho, na kuiweka katika sura yake ya pili kana kwamba imetoka moyoni mwake. Mashine inayolinganisha maneno na maneno ni rahisi kupitwa na jambo hili, maana maneno yote ni mapya. Na mtahini naye akisoma hufurahi kuona Kiswahili kilichonyooka. Lakini kufasiri ni kazi ya kuvusha, na mwenye kuvusha mzigo wa mtu kutoka ng'ambo hii hata ng'ambo ya pili hawi mwenye mzigo kwa sababu ya kuuvusha.

Jambo hili halikuletwa duniani na kompyuta. Mwishoni mwa karne ya 9 ya Hijra na mwanzoni mwa karne ya 10, katika mji wa Kairo, alikuwapo Imamu Jalaluddin Suyuti, aliyezaliwa mwaka 1445 na kufariki mwaka 1505, ambaye jina lake linajulikana na kila aliyepata kukaa katika darsa za misikiti ya pwani yetu kwa sababu ya ile tafsiri iitwayo Jalalaini. Suyuti alilalamika kuwa mwanachuoni mwenziwe, Shihabuddin Qastallani, mwenye sharhe mashuhuri ya Sahihi Bukhari, amechukua katika vitabu vyake bila ya kumtaja. Na inasimuliwa kuwa shauri lao lilifika mbele ya Sheikhul-Islamu Zakariya al-Ansari. Lililo la ajabu katika kisa hiki ni namna Suyuti alivyoithibitisha hoja yake. Hakuhesabu mistari iliyofanana. Alisema kuwa huyu bwana katika pahala kadha ananukuu kutoka kwa Bayhaqi, na Bayhaqi ana vitabu vingi. Basi na atueleze ni katika kitabu gani cha Bayhaqi alikoikuta kauli hiyo. Mtuhumiwa hakuweza kujibu. Ndipo Suyuti aliposema kuwa aliikuta katika vitabu vyangu, nami ndimi niliyemnukuu Bayhaqi, na lililompasa ni kusema kuwa Suyuti amenakili kutoka kwa Bayhaqi. Na inasimuliwa pia kuwa baada ya muda Qastallani alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Suyuti, kichwa wazi na miguu mitupu, akabisha mlango, akajitaja na kusema kuwa amekuja kutaka radhi. Na Suyuti akamjibu kwa ndani kuwa amekwisha kumridhia, lakini hakumfungulia mlango.

Kwa insafu, yapasa itajwe pia kuwa Suyuti mwenyewe hakusalimika na tuhuma kama hiyo, kwani Sakhawi, mwanachuoni mwingine wa zama zake na mji wake, alimshutumu kwa kuchukua kazi za wengine. Sina nia ya kuwahukumu watu waliokwisha kuhukumiwa na Mola wao. Ninalolitaka ni lile swali: ulikisoma wapi? Swali hilo halimwulizi mtu kama ameiba maneno. Linamwuliza kama amesimama yeye mwenyewe mbele ya kitabu anachodai kukijua. Qastallani hakumficha Bayhaqi, bali alimtaja kwa jina. Alichokificha ni mkono uliomletea Bayhaqi, na hilo peke yake lilitosha kuwa taksiri.

Ni tasnifu ngapi za leo zingeweza kusimama mbele ya swali hilo? Kitabu cha Wafula na Njogu, Nadharia za Uhakiki wa Fasihi, kilichotoka mwaka 2007, kimewafaa sana wanafunzi wa fasihi wa Kenya na Tanzania, kwa kuwa kimewakusanyia kwa Kiswahili nadharia ambazo zamani zilihitaji kutafutwa katika vitabu vingi vya lugha za kigeni. Mwanafunzi akikuta humo maelezo ya fikra za Mikhail Bakhtin, akayachukua, kisha katika tasnifu yake akaandika "Bakhtin" na mwaka wa kitabu ambacho hajapata kukifungua, amefanya lile lile aliloshitakiwa Qastallani miaka mia tano iliyopita. Hudhani kuwa kuwataja Wafula na Njogu kutamshushia hadhi, ilhali kuwataja ndiyo hadhi yenyewe. Maana msomaji angejua kuwa Bakhtin huyu amepita katika mikono ya wasomi wawili wa Afrika Mashariki kabla ya kumfikia mwandishi, na kwamba kama kuna pahala maana yake imepinda kidogo, huko ndiko kwa kutazama.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa wageni wa adabu hii. Mtu aliyesoma hadithi kwa masheikh wa Lamu, Mombasa au Unguja alifundishwa kuwa matini ya hadithi haitoshi bila ya isnadi, yaani mfululizo wa waliopokeana, fulani kutoka kwa fulani, mpaka ifike kwa aliyeisema. Na wanazuoni walitunga elimu nzima ya kuwachunguza watu hao, mkweli ni nani, mwenye hifadhi dhaifu ni nani, na kama fulani aliwahi kukutana kweli na yule anayedai kupokea kwake. Mwanafunzi alipohitimu kitabu alipewa ijaza, ambayo ilimtaja mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake, hata kumfikia mtungaji. Na hiyo Jalalaini ni shahidi wa adabu hiyo: Jalaluddin Mahalli alifariki mwaka 1459 akiwa ameifasiri Qur'ani tangu sura ya Al-Kahf hata mwisho, pamoja na Al-Fatiha, na Suyuti ndiye aliyeikamilisha kwa kuanzia Al-Baqara, naye alipofika mwisho wa sura ya Al-Israa aliandika wazi kuwa hapo ndipo ilipokoma kazi yake, na kitabu kikabaki na Jalali wawili mpaka hivi leo.

Fauka ya hayo, fasihi yetu wenyewe haisomeki vyema bila ya kuifuata njia iliyopita. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye inasemekana alifariki mwaka 1840, yalibaki yakikaririwa vinywani mwa watu wa Mvita, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipoyakusanya na kuyaandika kwa ajili ya padri W. E. Taylor, Taylor akayachukua, na karatasi zake zikaishia katika maktaba ya chuo London, William Hichens akayatoa humo na kuyapigisha chapa Johannesburg mwaka 1940 kwa jina la Diwani ya Muyaka, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akayatolea kitabu chenye uchambuzi mpana. Mwanafunzi anayeandika "Muyaka (1940)" na kupita, amemfanya malenga atunge miaka mia baada ya kufa kwake. Lakini kubwa kuliko hilo ni kuwa amemfuta Mwalimu Sikujua, ambaye lau si kukusanya kwake, sehemu kubwa ya mashairi hayo ingezikwa pamoja na waliokuwa wakiyakariri. Kumtaja si mapambo, kwa kuwa neno likionekana si la lahaja ya Mvita, au beti ikipungua kina, mchunguzi ni lazima ajue ni mikono ya nani iliyoishika kabla ya kumtupia lawama mtungaji.

Na kama yuko msomaji anayeona kuwa mambo haya ni ukali wa bure wa walimu, namwomba akitazame kitabu kilichopigwa chapa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903, kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Juu ya jalada limeandikwa jina la Carl Velten kuwa ndiye aliyekusanya. Lakini sehemu kubwa ya yaliyomo, habari za ndoa na mazishi, za ngoma, za biashara na safari za bara, ziliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na akafariki katika mji huo mwaka 1927. Vizazi vya wasomi vilikitaja kitabu hicho kwa jina la Velten, kwa kuwa hilo ndilo walilolikuta mbele. Na haikuwa ila mwaka 1981, ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen huko Marekani, ndipo jina la Mtoro lilipoingia katika anwani ya kitabu. Miaka 78 ilipita, na Mtoro alikuwa kaburini kwa miaka 54. Simbebeshi lawama zote mtu mmoja, maana ndiyo iliyokuwa desturi ya zama za ukoloni, kwamba Mzungu ndiye mkusanyaji na mwenyeji ni kama ghala tu la habari. Lakini wajibu wetu ni kuulizana kama desturi hiyo tumeiacha, au tumeirithi pamoja na ofisi.

Nina khofu kuwa tumeirithi. Mtafiti wetu wa leo huteremka kijijini, akaketi na bibi mwenye hazina ya ngano, au na nahodha anayezijua nyota na mikondo ya bahari kwa majina yake, au na manju wa ngoma ambayo haijapata kuandikwa, akachukua kwake kwa saa nyingi alichokikusanya kwa umri wake wote. Kisha katika tasnifu huyo bibi huwa "msailiwa wa 4", na huyo nahodha huwa "mhojiwa, mwanamume, miaka 70". Yako mambo ambayo sharti jina lifichwe, kama habari za maradhi, za ugomvi wa nyumbani au za siasa, na mtu akitaka afichwe apewe haki hiyo bila ya kuulizwa mara ya pili. Lakini mwenye elimu yake, anayejivunia na anayetaka ijulikane kuwa ni yake, kumfanya nambari ni kumnyang'anya. Aulizwe: je, nikuandike kwa jina? Akisema ndiyo, jina lake liwekwe pamoja na majina ya maprofesa, na nakala ya kazi irudishwe kwake au kwa wanawe.

Yako pia maneno ambayo walimu tunapenda kuyanyamazia. Pindi mwalimu anapochukua sura ya tasnifu ya mwanafunzi wake, akaitia katika makala ya jarida na kutanguliza jina lake, wakati mwingine bila ya jina la kijana kuonekana kabisa, huo ni wizi kama ule mwingine, na uovu wake umezidi, kwa kuwa aliyeibiwa ni dhaifu na aliyeiba ndiye aliyekabidhiwa ulinzi. Hatuwezi kusimama mbele ya darasa na kuwaambia vijana waache kudesa, ilhali wao wanatuona tunavyodesa kwao.

Wanafunzi nao wana hoja zao, na ni haki zisikilizwe. Husema kuwa vitabu ni haba na ghali, na kwamba maktaba zina nakala moja ya kitabu kinachotakiwa na darasa zima; na katika hilo wasema kweli. Lakini uhaba wa vitabu ni sababu ya kusoma vichache, si sababu ya kudai kuwa umesoma vingi. Tasnifu yenye marejeo ishirini yaliyosomwa kweli ni bora mno kuliko yenye marejeo mia moja yaliyookotwa katika orodha za watu. Husema pia kuwa katika mapokeo yetu elimu ni ya jamii nzima, na methali haina mwenyewe. Methali kweli haina mwenyewe, na ngano isimuliwayo kila pwani haina mwenyewe. Lakini mshairi wetu wa kale aliyetunga utenzi mara nyingi alitaja mwishoni jina lake, na jina la baba yake, na pengine hata mji na tarehe, na jambo hilo halifanywi na mtu asiyejali kazi yake itanasibishwa na nani. Na wapo wasemao kuwa njaa haina adabu. Vijana wengi wa Nairobi wenye shahada zao wamekuwa wakijipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Ulaya na Marekani, ambao huziwasilisha kwa majina yao. Na ingawa Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuikataza biashara hiyo nchini England, mahitaji hayajakoma. Vijana hao siwaiti wavivu, maana kazi wanaifanya. Nasikitika kwamba akili zilizosomeshwa kwa jasho la wazazi wa hapa zinatumika kuwapandisha cheo watu wa kwingine, na majina yao yakapotea kama lilivyopotea la Mtoro.

Asidhani mtu kuwa kosa hili likipita siku ya mahafali limekwisha. Karl-Theodor zu Guttenberg alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani, na kijana aliyetazamiwa kupanda zaidi. Februari 2011 ilidhihirika kuwa tasnifu yake ya udaktari wa sheria ina sehemu nyingi zilizochukuliwa bila ya kutajwa, Chuo Kikuu cha Bayreuth kikamvua shahada, na tarehe 1 Machi akajiuzulu. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Annette Schavan, na yeye alikuwa Waziri wa Elimu. Chuo Kikuu cha Düsseldorf kilimvua shahada kwa tasnifu aliyoiandika mwaka 1980, naye akaondoka madarakani Februari 2013. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita, na kurasa zilikuwa bado zikingoja msomaji.

Sasa zimekuja programu za akili bandia, ambazo mtu huziuliza swali zikamwandikia insha nzima pamoja na marejeo, na marejeo hayo pengine ni ya vitabu visivyopata kuandikwa na mtu yeyote. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York waliwasilisha mahakamani hoja iliyotaja kesi kadha za zamani. Upande wa pili ukazitafuta usizione. Hakimu akawaamuru wazilete kesi zenyewe, ikabainika kuwa zilibuniwa na programu, na mawakili hao pamoja na ofisi yao wakatozwa faini ya dola 5,000. Mashine ni mpya, lakini swali la hakimu wa New York ndilo lile lile lililoulizwa Kairo: ulikisoma wapi? Na hilo ndilo swali litakalobaki na nguvu baada ya programu zote za kupima mfanano kupitwa na wakati, kwa sababu hakuna programu inayoweza kumjibia mtu aliyeketi peke yake mbele ya watahini.

Kwa hiyo nashauri mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Mafunzo haya yaanze sekondari, wala yasingojwe mpaka mwaka wa tatu wa chuo kikuu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu awe na daftari la nukuu, na kila anachokinakili akiandikie papo hapo mtungaji, kitabu, mwaka na ukurasa, na maneno yasiyo yake ayafunge kwa alama za mtajo, maana wizi mwingi huanza kwa kusahau kuwa aya iliyo daftarini ilitoka kwa mtu. Vyuo viache kuifanya asilimia kuwa hukumu; iwe ni dalili tu ya kumwelekeza mtahini pa kutazama. Siku ya utetezi, mtahini aweke kidole juu ya orodha ya marejeo, achague vitabu vitatu bila ya kuchagua kwa hila, na kwa kila kimoja amwulize mtetezi alikipata wapi, kinasema nini na kimemsaidia vipi. Na akijibu kwa haki kuwa hiki sikukiona, nimekipata ndani ya kile, asiadhibiwe kwa ukweli wake bali aelekezwe namna ya kuuandika. Na vyuo viziweke tasnifu vilizozipitisha mahali ambapo kila mtu aweza kuzisoma, maana kazi iliyofungiwa kabatini haimpi mwizi sababu ya kuogopa, wala haimpi mwaminifu sifa yake.

Taaluma ya Kiswahili katika vyuo vikuu bado ni changa, na yatakayoandikwa na kizazi hiki ndiyo yatakayokuwa asili ya kurejelewa na wajao. Wakikuta kauli zisizojulikana zimetoka kwa nani, hawatakuwa na njia ya kutenganisha uchunguzi na uvumi, na itawabidi waanze kazi upya mahali ambapo sisi tungeweza kuwaachia msingi. Basi kila mwenye tasnifu au makala mezani pake hivi leo na aipitie aya kwa aya kabla ya kuipeleka popote: kauli ambayo hawezi kuonyesha alikoisoma aiondoe, kauli aliyoipata kwa mkono wa mtu auandike mkono huo, na kauli aliyopewa na mzee wa kijijini ambaye ameridhia kutajwa, aiandikie jina lake kamili.